Kazi ninayo, moyo wa kazi umeniishia

Shangazi, shikamoo.

Nimesoma majibu yako kwa wengine muda mrefu, leo nimeona nami nilete langu. Naomba usinitaje jina.

Nafanya kazi masjala, katika hospitali kubwa. Kwa wasiojua, masjala ndiko yaliko mafaili ya wagonjwa. Mgonjwa mpya akija tunamfungulia faili, wa zamani akirudi kliniki tunalitafuta faili lake, linapelekwa kwa daktari, jioni linarudi, nasi tunalirudisha rafuni kwenye namba yake. Sehemu ya kazi hiyo sasa imehamia kwenye kompyuta, lakini karatasi bado zipo na sioni zikiondoka karibuni.

Nilipoajiriwa nilikuwa mtu wa kwanza kufika. Nilikuwa naipenda kazi hii, Shangazi. Nilikuta mafaili ya kliniki zote yamechanganyika, mgonjwa anasimama dirishani tangu asubuhi mpaka adhuhuri faili lake bado linatafutwa. Nikanunua stika za rangi kwa fedha zangu, kila kliniki na rangi yake, nikawa nazibandika kwenye migongo ya mafaili. Ukiona nyekundu katikati ya kijani, unajua hilo limepotea njia. Bosi wa wakati ule alifurahi, akaniachia rafu zote nizipange nionavyo, na wenzangu wakaufuata utaratibu ule.

Bosi yule alistaafu. Aliyekuja akasema stika si utaratibu rasmi, zitolewe zote. Tulizibandua wenyewe kwa kucha, na mpaka leo migongo ya mafaili ina alama za gundi. Siku hizi hata kuhamisha safu moja ya mafaili kutoka rafu ya juu kwenda ya chini lazima niandike kwanza, asaini. Sikumbuki kama amewahi kuniambia kwamba kazi imekwenda vizuri. Faili likikosekana ndipo ninapomwona.

Tangu hapo sielewi nimepatwa na nini. Asubuhi nakaa kitandani napiga hesabu, nikitoka saa ngapi nitafika bila kuandikwa kuwa nimechelewa. Nikifika, kabla ya kugusa chochote nashika simu. Mafaili yaliyorudi kutoka kliniki yanarundikana mezani, nami nayatazama tu. Jumapili jioni kifua kinakuwa kizito kwa kuiwaza Jumatatu.

Mshahara uliongezwa mwaka jana. Nilifurahi, kwa wiki chache nikawa mtu mpya, kisha nikazoea na kurudi palepale. Ofisi ikaleta mhamasishaji, akatupigisha makofi, akatuambia tuamke na ndoto zetu. Nilitoka mle nimejaa moto. Wiki iliyofuata hata alichosema nilikuwa nimekisahau.

Cha ajabu ni kwamba jioni nafundisha mpira timu ya watoto wa mtaani kwetu, bila malipo yoyote. Huko sichoki. Naandika mazoezi kwenye daftari, nafika kabla yao, mvua ikinyesha tunasubiri ikatike tuendelee. Nalala vizuri, nakula vizuri.

Mke wangu ananiambia, "Kuna watu wanaitafuta hiyo kazi usiku na mchana, shukuru Mungu." Ni kweli, na ndiyo maana naona aibu hata kulisema jambo hili. Naomba nikuulize: je, nimekuwa mvivu? Ari ya kazi ikishapotea hurudi, na ikirudi unaishikaje isikimbie tena? Au niache kazi nitafute nyingine?

Mtu wa Masjala

*

Marahaba, mwanangu.

Swali lako la kwanza umelijibu mwenyewe pale ulipotaja mpira. Mtu aliyeingiwa na uvivu hakai na daftari kupanga mazoezi ya watoto wa wenzake, wala hasubiri mvua ikatike ili aendelee. Nguvu unazo na umakini unao. Vinakataa kuingia nawe katika chumba kimoja tu, na katika chumba hicho hicho zamani viliingia. Kwa hiyo acha kujiita mvivu. Sikubembelezi. Jina hilo litakupeleka kutafuta dawa pasipo na ugonjwa: utajikemea, utajisukuma, utatega kengele mbili za kukuamsha, na hakuna hata kimoja katika hivyo kitakachogusa yaliyotokea masjala.

Kabla sijafika huko nataka tuwe na hakika na afya yako. Ninyi wa masjala mnaujua mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha magonjwa, ule ambao namba zake huandikwa daktari akishataja ugonjwa. Katika toleo lake la 11, lililopitishwa mwaka 2019, uchovu unaoletwa na kazi umepewa namba QD85. Haukuwekwa humo kama ugonjwa. Umeelezwa kuwa ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo, na una dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuidharau, na kuona kwamba unachokifanya hakina tija. Katika barua yako naiona ya pili waziwazi, ya tatu inabisha hodi, ya kwanza bado. Ndiyo maana nimefurahi umeandika mapema. Lakini ikiwa siku moja hata mpira utakosa ladha, usingizi ukavurugika, chakula kikakushinda, na hali hiyo ikaendelea wiki mbili au zaidi, usisubiri jibu langu. Nenda kamwone daktari, maana hiyo yaweza kuwa sonona, na sonona ina matibabu yake.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Umeshangaa kwa nini nyongeza ya mshahara ilikuchangamsha wiki chache tu. Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake walitoa matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Waliwataka waeleze wakati walipojisikia vizuri kupita kawaida kazini, na wakati walipojisikia vibaya kupita kawaida. Waliokumbuka ubaya walizungumzia zaidi sera za kampuni, namna wanavyosimamiwa, mshahara na mazingira ya kazi. Waliokumbuka uzuri walizungumzia zaidi kukamilisha jambo, kutambuliwa, kazi yenyewe, na kukabidhiwa wajibu. Wapo wataalamu waliompinga, wakisema watu wana tabia ya kujipa sifa kwa mazuri na kuwatupia wengine lawama kwa mabaya, na mimi naona pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo, maelezo yale yanafanana sana na yaliyokupata: nyongeza ilikuondolea lalamiko moja, haikukurudishia ulichokuwa nacho siku za stika.

Nawaomba waajiri wanaosoma hapa wasiishike hoja hii kuwabania watu mishahara. Mtu anayelipwa chini ya haki yake, au anayelipwa kwa kuchelewa, usimzungumzie ari ya kazi. Akili yake iko kwenye kodi ya nyumba, na ndiko inakostahili kuwa. Kama wewe ungekuwa katika hali hiyo, barua yangu ingekuwa fupi sana na ingehusu mshahara peke yake.

Mhamasishaji naye sina ugomvi naye. Alikuamsha kwa saa moja, kisha akaondoka, nawe ukarudi kwenye rafu zilezile na fomu zilezile za kusainiwa. Maneno yake hayakubadilisha kitu chochote katika chumba unachokaa siku nzima, yangewezaje kudumu?

Narudi kwenye stika, maana kwangu mimi barua yako yote iko pale. Tangu miaka ya 1970 mtafiti Edward Deci, na baadaye yeye pamoja na mwenzake Richard Ryan, wameshughulika na swali la nini humfanya mtu afanye jambo kwa moyo wake bila kusukumwa. Jibu walilolifikia ni kwamba binadamu anahitaji mambo matatu: awe na kauli juu ya anachokifanya, aone kwamba anakiweza na anazidi kukiweza, na awe na watu anaowajali nao wanamjali. Yapeleke hayo matatu masjala, siku zile. Tatizo uliliona wewe, dawa ukaitafuta wewe, rafu ukaachiwa wewe: kauli ulikuwa nayo. Nyekundu katikati ya kijani ilikuonyesha papo hapo kwamba ulichokibuni kinafanya kazi. Bosi alifurahi na wenzako wakakufuata. Kisha ikaja siku ya kubandua kwa kucha, na yote matatu yakaondoka kwa pamoja. Tena mliambiwa myaondoe kwa mikono yenu. Sishangai kwamba huwezi kuyapita mafaili yale bila kuziona alama za gundi.

Ukitazama mpira utayakuta yote matatu yako huko. Mazoezi unayapanga wewe. Mtoto aliyeshindwa kutuliza mpira juzi unamwona leo anautuliza. Na wanakungoja. Yaliyoondolewa masjala uliyafuata uwanjani jioni, pengine bila kujua unachokitafuta.

Watu wengi wanaamini ari ni kitu mtu anachozaliwa nacho, kwamba yupo mchapakazi na yupo asiye mchapakazi. Mimi siamini hivyo, na barua kama yako ndiyo sababu yangu. Ari huzaliwa na namna kazi ilivyopangwa na watu walivyotendewa. Ikipotea, ukae utafute kilichoondolewa, ukirudishe kidogo kidogo, ukianza na kile kilicho ndani ya uwezo wako. Kwa hiyo bosi tumwache kidogo. Tuanze na meza yako.

Kazi ya masjala ina uzito mmoja ambao wasioifanya hawauoni, nao ni kwamba haiishi. Unarudisha leo, kesho yametoka tena. Ni kuteka maji kwa pakacha. Watafiti Teresa Amabile na Steven Kramer walikusanya karibu kumbukumbu 12,000 za kila siku kutoka kwa wafanyakazi 238 wa kampuni 7, wakitaka kujua siku njema kazini inatofautiana vipi na siku mbaya. Kilichojitokeza zaidi katika siku njema ni mtu kuona amesogea mbele katika kazi anayoiona ina maana, hata kama hatua yenyewe ni ndogo. Wewe kila siku unafunga kazi rundo likiwa palepale, na mara nyingine limeongezeka. Moyo utapata wapi cha kushika?

Kwa hiyo itengenezee kazi yako mwisho. Usilikabili rundo zima. Toa mafaili ya kliniki moja, tuseme ya kisukari, yapange kwa namba ukiwa bado mezani, yapeleke rafuni yote, urudi. Pale yalipokuwa mezani paache wazi, usipajaze kitu kingine mpaka upate chai au upumzike kidogo. Kisha chukua daftari, kama lile la mpira, uandike: kliniki gani, mafaili mangapi, na mangapi uliyoyakuta rafuni mahali pasipo pake. Hilo la mwisho usiliache, litatufaa tukifika kwa bosi.

Kuhusu simu ya asubuhi, usijiahidi kwamba kesho utajitahidi. Ahadi ya namna hiyo haina pa kuanzia. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer ametafiti kwa miaka mingi tofauti kati ya mtu anayekusudia jambo kijumlajumla na yule anayelifunga na wakati au tukio fulani, yaani likitokea hili nitafanya lile. Wa pili hutimiza kusudio lake zaidi. Basi wewe sema hivi: "Nikishaweka mkoba chini, simu inaingia droo, na mkono unashika faili la kwanza la kisukari." Likiwa dogo kiasi hicho halihitaji ujisikie kufanya kazi. Nakuomba sana usingoje kujisikia. Mara nyingi mkono ukishaanza, moyo hufuata nyuma yake. Na siku ambayo moyo haukufuata, mafaili ya kisukari yatakuwa yamerudi rafuni vilevile.

Ijumaa kabla hujatoka, chagua kliniki utakayoanza nayo Jumatatu, iandike kwenye kipande cha karatasi, kiache juu ya meza. Uzito wa Jumapili jioni huwa mkubwa kwa sababu akili inaliona rundo lote kwa wakati mmoja. Siahidi kwamba utaisha wiki ya kwanza.

Kuna jambo jingine limenisumbua kuliko hayo. Katika barua yako mgonjwa ametajwa mwanzoni tu, pale ulipoeleza kazi ilivyo, na yule aliyesimama dirishani mpaka adhuhuri. Tangu bosi mpya alipofika, hayumo tena. Kuna mafaili, rafu, saini na rundo. Watu wamepotea.

Mwaka 2007 Adam Grant na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa kwa wafanyakazi waliokuwa wakipiga simu kuchangisha fedha za chuo kikuu kimoja nchini Marekani. Ni kazi ya kukatisha tamaa, unaowapigia wengi wanakata. Kundi moja lilikutanishwa kwa dakika chache na mwanafunzi aliyekuwa akisoma kwa ufadhili uliotokana na fedha hizo. Mwezi mmoja baadaye muda ambao kundi hilo lilitumia kwenye simu ulikuwa umezidi mara mbili ya ule wa awali, na fedha walizopata nazo ziliongezeka sana. Wasiokutanishwa naye walibaki vilevile. Simu zilikuwa zilezile na maneno ya kusema yaleyale. Walichoongezewa ni kumwona mtu aliye upande wa pili wa kazi yao.

Basi omba, angalau siku mojamoja, uyapeleke mafaili kliniki mwenyewe. Ukifika muulize muuguzi: faili la mgonjwa lisipopatikana, hapa kwenu inakuwaje? Baadhi ya majibu nayajua. Daktari hajui mgonjwa huyu ana mzio wa dawa ipi. Hajui ni dozi gani ilibadilishwa mara iliyopita na kwa nini. Vipimo vilivyokwishafanyika vinarudiwa, mtu anatolewa damu tena, au anaambiwa arudi siku nyingine. Masjala hamwandiki dawa, lakini daktari anayeandika dawa bila faili anaandika akiwa amefumbwa jicho moja. Kanuni za siri za wagonjwa unazijua kuliko mimi, na sitaki ufungue faili kusoma habari za mtu. Inatosha umwone anayelisubiri, na uone linapowekwa mikononi mwa daktari.

Bosi sasa. Simtetei. Kumbandulisha mtu stika alizonunua kwa fedha zake, bila hata kumuuliza zilikuwa zinasaidia nini, ni kosa la uongozi, na nasema hivyo wazi ili wakuu wengine wasome. Lakini jiweke kwenye kiti chake. Amekuja kwenye kitengo asichokijua, ambako faili likipotea anayeitwa kujieleza ni yeye. Saini nyingi mara nyingi hutoka kwenye woga. Mwenye woga ukimwongezea lawama atakaza zaidi. Mpelekee kitu cha kumtuliza, na kitu hicho ni daftari lako.

Ukishakuwa na kumbukumbu za wiki kadhaa, mwombe muda wa kuonana. Usimvizie mlangoni, na usiende siku ambayo faili limepotea. Mwambie: "Mkuu, nimekuwa nikiandika mafaili ninayoyakuta mahali pasipo pake. Mengi ni ya kliniki hizi mbili. Naomba uniachie rafu za kliniki moja kwa mwezi mmoja nizipange, kila Ijumaa nitakuletea hesabu. Tusipoona nafuu, turudi kwenye utaratibu wa sasa." Stika usizitaje. Bosi wa zamani usimtaje kabisa. Wala usimwambie amekuvunja moyo, ingawa ndivyo ilivyo, kwa sababu akianza kujitetea mazungumzo yatahama kutoka kwenye rafu na kuhamia kwake, na hapo hutapata kitu. Unachokitafuta ni kauli juu ya kipande kimoja kidogo cha kazi yako. Akikupa rafu moja bila kusaini kila hatua, umepata zaidi ya ulichokuwa nacho jana.

Kabla hujaondoka muulize na hili, ambalo watu wengi huliogopa: "Kuna sehemu ya kazi yangu unayoona inakwenda vizuri?" Wapo mabosi ambao hawajawahi kusema jema kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza, na wao hudhani ukimya wao unaeleweka kuwa ni kuridhika. Akikutajia moja, lichukue. Akishindwa kutaja hata moja, nalo ni jibu, utalikumbuka tukifika mwisho.

Wenzako uliobandua nao stika usiwasahau, huenda nao wamekaa kimya na jambo lilelile. Zungumza na mmoja unayemwamini. Na kompyuta ichukulie kwa uzito. Mfumo wa mafaili ya kielektroniki unahitaji watu wanaojua kwa nini faili la karatasi hupotea, na watu hao ndio ninyi. Omba mafunzo, jifunze mfumo vizuri kuliko unavyolazimika. Huko kuna mambo mapya ya kuyaweza, na ujuzi huo unaondoka nawe popote uendako.

Mke wako hajakosea kukuhimiza ushukuru. Ninachokipinga ni neno hilo kutumika kufunga mazungumzo ambayo ndiyo kwanza yanaanza, na nimeliona likifanya hivyo katika nyumba nyingi. Mtu anaweza kushukuru kwamba ana kazi, na papo hapo akaumia kwa jinsi kazi hiyo inavyokwenda. Lakini nina swali: umewahi kumsimulia habari za stika? Nadhani anachokisikia ni kuguna kwako kila Jumapili jioni, na katika kuguna huko yeye anasikia mshahara wa nyumba unataka kuondoka. Msimulie tangu mwanzo, kama ulivyonisimulia mimi. Mhakikishie pia kwamba hutaacha kazi kabla ya kupata nyingine. Akishatulia kuhusu hilo, utashangaa atakavyokusikiliza.

Umeuliza ari ikirudi unaishikaje. Haishikiki kila siku, mwanangu. Hata anayeipenda kazi yake ana wiki anazofanya kwa mazoea tu, na hakuna ubaya. Usijipime kwa asubuhi moja. Kila baada ya miezi michache kaa uyapitie yale matatu, kauli, kuweza na watu, uone lipi limeshuka, kisha ulishughulikie hilo kabla hayajashuka yote. Likizo yako ikifika ichukue yote, na ukiwa likizo simu za masjala wazipokee walio kazini.

Kuhusu kuacha kazi, kwa sasa nasema hapana. Ukiondoka leo utaondoka na hasira, na mwenye hasira huchukua kazi yoyote ilimradi imtoe alipo. Jipe miezi kadhaa ufanye niliyoyaandika. Ikiwa bosi atakunyima hata rafu moja pamoja na hesabu zako zote, hatua inayofuata ni kuomba uhamisho wa kitengo ndani ya hospitali hiyo hiyo, na daftari lako liambatane na maombi, maana linaonyesha unavyofanya kazi. Uhamisho ukikataliwa, anza kutafuta nje ukiwa bado kazini. Unapotafuta, uliza juu ya yale matatu kabla ya kuuliza juu ya cheo: nani anaamua kazi inavyofanyika, nitajuaje kwamba nimefanya vizuri, nitafanya kazi na akina nani. Hapo kwenye usaili usione haya, mwajiri mzuri hufurahi kuulizwa.

Ninachokisema kuhusu subira hakihusu matusi, kunyanyaswa wala kunyimwa mshahara. Hayo katika barua yako sijayaona. Yakitokea, usikae ukipanga mafaili ya kisukari ukingoja moyo urudi. Yapeleke kwa utawala au chama cha wafanyakazi kwa maandishi, na harakisha kutafuta pengine. Na siku utakayopata barua ya kazi mpya, kabla hujamuaga mtu yeyote masjala, soma kwenye mkataba wako unatakiwa kutoa notisi ya muda gani.